Swali Lililomrudia Feza

Tangu Sibomana avuke mto wa mpaka kwa daraja la Rusizi ya Pili, kuingia Kongo na mizigo yake ya vitenge, wiki ile vita ilipolipuka upya Bukavu, mkewe Feza alikataa kukaa eda. Maiti haikuonekana, wala hakupatikana aliyemwona akifa; ilisemwa tu kwamba wengi waliouawa walitupwa mtoni. Majirani wa Kamembe, upande wa Rwanda, walikwisha kumwita mjane. Yeye aliendelea kuvaa nguo za rangi.

Kaka wa Sibomana, Mzee Mugabo, alikuja kila baada ya swala ya Ijumaa.

"Tumusalie ndugu yangu, Feza. Miaka tatu! Unamunyima dua."

"Leta muntu alimuzika, Shemeji. Halafu nitakaa eda."

"Mutoni hakuna bashahidi," Mzee alisema, akaondoka bila kunywa chai.

Mwaka huo shirika moja lilifungua darasa la kompyuta karibu na soko, na Feza akajiandikisha akitumaini kupata kazi ya ofisi. Mwalimu Rukundo aliwapa zoezi la mwanzo: kila mmoja atunge programu inayouliza swali, isome kinachobonyezwa kwenye kibodi, kisha ikionyeshe kwenye skrini. Wengine waliuliza jina na umri. Feza aliandika, "Jina la bwana?" Halafu, "Yuko hai? N ao H." N ni ndiyo, H ni hapana. Herufi nyingine yoyote ikibonyezwa, programu irudie swali.

Akaiendesha. Akaingiza jina la Sibomana. Swali la pili likatokea, na kidole chake kikaangukia herufi isiyohusika. Yuko hai? Akabonyeza nyingine. Yuko hai? Maswali yakajipanga skrini nzima.

"Eh, Maman!" alicheka Odette, aliyeketi ubavuni mwake. "Hiyo masini itazeeka ikikuuliza!"

Rukundo alisogea, akasoma, asicheke. "Programu haina kosa, Maman. Inangojea jibu. Ukitaka, tuongeze herufi ya tatu: S, ya sijui."

Feza alitikisa kichwa. "Sijui, Mwalimu, nakulaka nayo, nalalaka nayo. Usiniwekee na humu."

Akasoma Bismillahi, akabonyeza H. Skrini ikaandika kama alivyoiamuru: Sibomana. Yuko hai: Hapana.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema. Maneno hayo hakuwahi kuyatamka juu ya mumewe. Odette akamshika mkono.

Jioni alimtumia Mzee Mugabo habari. Ijumaa watu walimsalia Sibomana pasipo jeneza mbele yao, na Feza akaingia eda. Mtihani wa kompyuta ulifanyika yeye akiwa ndani. Rukundo alimwombea asubiriwe, shirika likakataa. Alipotoka, darasa lilikuwa limefungwa na mashine zimehamishwa. Hakugusa tena kibodi mpaka alipoitwa na Mola wake.

Mungu amkutanishe na mume ambaye hakujaliwa kumzika.