Reki ya Baba Mdogo

Kabla ya kurudi Tarime nilikaa Nairobi miaka sita, mchana nikipiga pasi nguo za watu, jioni nikisoma. Hakuna aliyeninunulia hata penseli. Nilirudi na stashahada ya ukatibu, nikaitundika ukutani kwa baba mdogo, katika kibanda cha nyasi kando ya machimbo. Upepo ukawa unaitikisa, nikaongeza misumari.

Siku hizo dhahabu ilikuwa imewaita watu wote. Baba mdogo alikuwa ameuza ng'ombe wake huko Kenyamonta, mpaka wa mwisho, ili achimbe duara, yaani shimo la kushukia kwenye mwamba. Mwamba ulikuwa umeanza kung'aa, ndipo ikatangazwa kwamba Mzungu mtaalamu wa usalama atapita, na duara lolote la hatari litafukiwa. Baba mdogo aliacha kula.

Mkalimani alikuwa nani? Mimi. Wengine Kiingereza chao kiliishia kwenye "gudi moningi".

Mzungu alilala kifudifudi mdomoni mwa duara, akamulika tochi, akatikisa kichwa.

"Reckless," akasema.

Sikuwahi kukutana na neno hilo, sifichi. Lakini msomi hakwami. Nilijua "careless" ni asiye na uangalifu, na "useless" ni kisicho na faida. Basi nikakata mkia, "less", nikabaki na kichwa, "reck".

"Anasema duara lako halina reki, tata," nikamwambia, kwa kuwa kwetu baba ni tata.

"Reki?"

"Ndiyo. Ndicho kinachokosekana."

Baba mdogo alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Ni hicho tu? Mwambie asubiri."

Akaondoka mbio. Nikamweleza Mzungu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba mwenye duara anayo "reck" na ameifuata nyumbani. Mzungu akazima tochi, akasubiri.

Baba mdogo akarudi na reki yake ya kukusanyia majani, meno mawili yamekatika, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

"Mwambie kama hii imechakaa, nitanunua nyingine mjini."

Mzungu alicheka mpaka akakaa juu ya kifusi. Alipotulia akanieleza kwamba zamani "reck" lilikuwa neno zima, maana yake kujali, ila Waingereza wa leo wamebaki na lile la kukosa kujali tu. Na si hilo peke yake. "Ruthless", mtu asiye na huruma, wanamtaja kila siku, lakini "ruth", huruma yenyewe, hakuna anayeitamka.

Niliwatafsiria wote. Seremala Mwislamu wa Tarime mjini, aliyekuwa akituuzia magogo, hakushangaa.

"Mbona sisi tunasema fulani ni hamnazo? Umewahi kusikia mtu akisifiwa kwamba anazo?"

"Wewe ungesifiwa na nani?" baba mdogo akamuuliza.

"Na wewe je, tata? Leo zote zimekutoka, ukakimbilia reki uzikusanye."

Kwa kuwa Mzungu alikuwa ameshakaa, nilimwomba anitajie hiyo "reck" kitu kwa kitu. Akataja matimba, yaani nguzo za kuzuia kuta zisibomoke, kuanzia juu mpaka chini. Akataja uzio wa mdomoni na kamba mpya. Niliandika yote kwa mwandiko wangu wa stashahada. Akatupa siku saba.

Seremala alichonga, sisi tukashusha magogo mpaka mabega yakachubuka. Siku ya saba Mzungu hakulala kifudifudi. Alishuka mwenyewe, akatoka na vumbi nyusini, akapiga sahihi.

"Reck," akasema, bila mkia.

Siku hiyo baba mdogo alikula sahani mbili za ugali. Kisha akaitundika reki mdomoni mwa duara, na tangu hapo kila anayeshuka huulizwa, "Una reki?" naye hugusa meno ya reki kabla ya kushika kamba. Hakuna aliyevunjika hata kidole. Waingereza wenyewe wamelitupa neno lao. Duara letu linalitumia kila asubuhi, na aliyelileta ni mimi.