Saumu ya Matokeo

Siku hizi wenzangu wakianza kubishana nani mkubwa kuliko nani, mimi huchukua kikombe changu cha kahawa nikahamia upande wa pili wa baraza. Si kwamba sina la kusema. Nilishayasema yote, na wenzangu walishayasema yote, na kila mwaka mtoano wa kikapu ukianza tunayatoa upya kama nguo za Idi. Nimechoka kuwapima wanaume wasionijua, wanaocheza upande wa pili wa dunia mimi nikiwa nimelala, na kuwagawia vyeo utadhani ni mirathi ya baba yangu.

Mimi ni fundi cherehani, hapa hapa mji mkongwe wa Bagamoyo. Nilicheza kikapu nikiwa sekondari, kwenye uwanja wa saruji uliopasuka, ringi bila wavu, na magoti yangu mpaka leo yananikumbusha. Ukubwani nikabaki mtazamaji, na mtazamaji wa kikapu katika mji wa mpira wa miguu ni mtu mpweke. Ndiyo maana tulipopatana wachache wenye ugonjwa mmoja tukashikana sana: mimi, mwenye duka la simu jirani yangu, walimu wawili, na rafiki yangu mmoja fundi wa mashine za boti kule Mbegani. Huyu wa mwisho ndiye habari yenyewe.

Tatizo letu lilikuwa saa. Mechi za Marekani zinachezwa sisi tukiwa usingizini, na zinamalizika watu wanatoka msikitini alfajiri. Ukikesha, kazi ya kesho yake inakushinda, nami nilishawahi kumshonea mteja mkono wa kushoto upande wa kulia kwa sababu ya kukesha. Basi tukapanga: mwenye duka la simu anaipakua mechi asubuhi bila kuitazama, na baada ya swala ya alasiri tunakutana chumba chake cha nyuma kuiona pamoja. Kati ya asubuhi na alasiri, hakuna kujua matokeo. Tukaita saumu. Mwenye kufunga anazima simu kabla ya kulala, hasikilizi redio, hapiti kijiwe cha vijana pale stendi. Ukiambiwa matokeo, hata kwa bahati mbaya, saumu yako imebatilika: unaruhusiwa kuja kutazama, lakini ubishi huna. Unakaa kimya na karanga zako mpaka mwisho. Kwa watu wetu, kukaa kimya wakati wenzio wanabishana ni adhabu kubwa.

Kwa hiyo palitokea mchezo mwingine ndani ya mchezo, wa kufunguzana saumu. Mtu aliyepatwa na matokeo anataka na wewe upatwe. Anakufuata dukani, na kwa kuwa unamjua na unaziba masikio, anakuja kwa sura nyingine. Rafiki yangu wa Mbegani ndiye aliyekuwa bingwa wa hilo. Mwaka uliotangulia alikuja kwangu asubuhi kavaa kanzu, uso umemwanguka, akaniambia nikae kitako, mjomba wangu wa Zinga kaanguka shambani. Nilitupa mkasi chini. Nikaanza kutafuta viatu. Ndipo akanitajia matokeo, pointi kwa pointi, akacheka mpaka akashika mlango. Sikumsemesha wiki nzima. Niliwaambia wenzangu kwamba msiba haufanyiwi mzaha, wakasema nina roho nyepesi, na kwamba siku moja nitalipiza. Sikulipiza. Yeye lakini aliendelea kunisubiri.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa juu ya nyota mmoja, mlinzi mwenye mkono mtamu, anayefunga anavyotaka msimu mzima. Ukifika mtoano, anapotea. Mpira unamkimbia, mitupo huru inagonga chuma, robo ya nne anapewa pasi naye anaitoa haraka utadhani kashika kaa la moto. Sisi tulisema huyo si mkubwa. Mkubwa anaonekana siku ya siku. Mwalimu mmoja alikuwa akimtania kwamba nyota wake ni mwezi mwandamo, watu mnagombania kuuona, mkiuona umeshazama. Rafiki yangu alikuwa anapanda na kushuka. Alisema mnamhukumu mtu kwa saa mbili na mnasahau miezi sita aliyoibeba timu mgongoni. Alisema mtu ni jumla yake, si siku yake moja. Alivyokuwa akilisema hilo, mara nyingi nilitaka kukubaliana naye, ila ubishi wetu haukuwa na nafasi ya kukubaliana.

Mwaka huo timu ya nyota wake ilifika mechi ya kuamua. Nyota huyo angeshinda, rafiki yangu angetunyamazisha sote.

Wakati ule mama yake alikuwa anaumwa. Alikuwa kwao Saadani, kwa kaka mkubwa wa rafiki yangu, anayekausha samaki pale kijijini. Rafiki yangu alikwenda kumwona wiki iliyotangulia, akarudi ametulia. Alituambia mama kainuka, kala ugali kwa mkono wake mwenyewe, kamgombeza kwa kukonda. Tukamshukuru Mungu. Kwa hiyo usiku ule alipozima simu kama sisi wote, hakuna aliyeona ajabu, wala mimi sikuona.

Asubuhi saumu yangu ilibatilika mapema. Mteja mmoja alikuja kuchukua sare za wanawe, na kabla hata sijamaliza kumwitikia salamu akanimwagia matokeo yote. Nikaona basi, nikawasha simu. Palikuwa na ujumbe wa kaka yake rafiki yangu, aliyekuwa na namba yangu tangu zamani. Aliandika kwamba mama ametutoka alfajiri, kwamba wanampigia mdogo wake hapatikani, nimwambie aje haraka. Watamsubiri mpaka alasiri, zaidi ya hapo hawawezi.

Nilifunga duka nikachukua pikipiki ya jirani. Njia nzima ya Mbegani nilikuwa nafikiria maneno. Sikujua bado kwamba tatizo halikuwa maneno.

Aliniona kwa mbali. Alikuwa ufukweni na mteja wake, wameinamia mashine iliyofungwa kwenye boti ya fiba. Nikapunga mkono. Akaniangalia vizuri, akauona uso wangu, na nikaona kicheko kinamjia. Aliinua kiganja kunizuia.

"Sheikh, rudi," akasema. "Leo hunipati."

"Nisikilize, ndugu yangu. Ni habari za nyumbani."

"Za mjomba wako wa Zinga?" Akaziba masikio kwa vidole vyake vyenye grisi. "Uso umeutengeneza vizuri, lakini mimi ndiye niliyekufundisha."

Nilimwendea mbio. Magoti yangu ni haya haya. Yeye akaisukuma boti, akarukia ndani, akamwambia mteja wake wakaijaribu mashine, na mashine ikawaka mara moja kwa sababu kazi yake alikuwa anaijua. Niliingia majini mpaka mapajani nikipiga kelele. Nilisema mama yako, nikasema amefariki, nikalisema neno lile kwa sauti ambayo hailifai, mbele ya wanafunzi wa chuo cha uvuvi waliosimama kunitazama. Mashine ilikuwa inanguruma. Yeye alikuwa amenipa mgongo, vidole masikioni, mabega yanatikisika kwa kucheka.

Nilikaa pale mchangani na suruali yangu imelowa. Niliwaomba vijana wa boti nyingine wamfuate. Wakaniambia mafuta hawana, na huyo anajaribu tu mashine, atarudi sasa hivi. Hakurudi sasa hivi. Nilikuja kuambiwa baadaye na yule mteja kwamba alimwomba wazunguke mpaka adhuhuri, maana ufukweni kuna mtu mbaya. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kutaka kumpiga, na papo hapo nilikuwa namwonea huruma ambayo sijawahi kumwonea mtu. Alikuwa ndiye mtu pekee Mbegani nzima asiyejua, na alikuwa amefurahi.

Aliporudi jua lilikuwa limeshapinda. Sikumkimbilia tena. Nilimwacha ashuke, afunge kamba, anisogelee mwenyewe kwa madaha ya mtu aliyeshinda. Nikamshika mikono yote miwili asizibe masikio, nikamwambia taratibu, "Mama amefariki. Wanazika alasiri."

Bado alitabasamu kidogo. Alikuwa anasubiri pointi. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomwambia.

Safari ya Saadani sina mengi ya kuisimulia. Tulipita Makurunge, tukavuka Wami, vumbi likatukaa kwenye meno. Mimi naendesha, yeye nyuma yangu, na mara moja tu aliniuliza kama naweza kuongeza mwendo. Nikamwambia ndio mwisho wake. Pikipiki ya watu, barabara ya mashimo, na mimi si dereva. Nilisikia alasiri inaadhiniwa kwenye kijiji tulichokuwa tunakipita, nami nikajifanya sikuisikia. Naye nadhani alijifanya.

Kwenye lango la hifadhi ya wanyama inayozunguka kijiji, askari wa zamu alimtambua. Alitoka kibandani, akavua kofia, akampa makiwa. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kwamba watu ndio kwanza wametoka makaburini.

Tulikwenda moja kwa moja huko. Kaburi lilikuwa bichi, mchanga wake bado una giza la maji. Kaka yake alikuwa amebaki nyuma na ndoo, anasawazisha udongo kwa kiganja. Ni mtu mzima, mgongo wake mbovu miaka mingi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka. Kanzu yake ilikuwa na udongo mpaka kifuani, nikajua ameingia kaburini kumpokea mama na mgongo ule. Watoto wa kiume wa mama yule walikuwa hao wawili tu. Kwenye nafasi ya mdogo aliingia mtu wa jirani.

Hakumgombeza mdogo wake. Alimpa ndoo, akamwambia amwagie. Kaburi lilikuwa limeshamwagiwa, kila mtu aliona, lakini rafiki yangu alichukua kata akamwagia tena kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole sana, maji yakawa yanachuruzika pembeni kwa kukosa pa kuingia. Sisi wawili tukasimama tunamtazama.

Alipomaliza, kaka yake akauliza tulikuwa wapi.

Nikawahi mimi. Nikasema njia ilikuwa mbaya, pikipiki ilitusumbua. Nilikuwa nimeshalitengeneza jibu hilo tangu Makurunge, na lingetosha. Kaka yake alikuwa amechoka, asingeuliza zaidi.

"Uongo," rafiki yangu akasema. "Alikuja kuniambia asubuhi. Nikamkimbia. Nilidhani ananiletea matokeo."

"Matokeo ya nini?"

"Mpira. Wa kikapu."

"Mnacheza wapi?"

"Hatuchezi. Wanacheza Marekani."

Kaka yake alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike. Niliona aibu ya kuwa mtu mzima. Hoja zote tulizokuwa tukizitolea jasho, nani mkubwa, nani anapotea siku ya siku, zilikuwa zimesimama pale makaburini na hakuna hata moja iliyoweza kuelezeka kwa mtu mwenye udongo kifuani.

"Na simu?" akauliza.

"Nilizima tangu usiku. Kwa ajili hiyo hiyo."

Kaka yake akatikisa kichwa, akaichukua ndoo, akamimina tone la mwisho. Alipoongea hakuwa anamlaumu, na mimi naona ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

"Alikuulizia kabla ya alfajiri," akasema. "Alitaka kukusikia sauti tu. Tukapiga, tukapiga. Mwisho akatuambia basi, mtoto amelala, kazi za mashine zinachosha, msimwamshe."

Kisha akatuambia twende nyumbani tukanawe, wali umeshapakuliwa.