Sahani ya Aliyeko Lulimba

Juzi binti yangu, akiwa ameinamia zoezi lake la Kiingereza, aliniuliza: "Mama, 'nevertheless' maana yake nini?" Nikacheka peke yangu. Rafiki yangu, neno hilo nililijulia jikoni kwetu Baraka, kando ya ziwa, kwenye moshi wa ndagala, wale dagaa wetu, vita vikiwa pande zote.

Kamusi itamwambia "hata hivyo", na si uongo. Lakini mwalimu wetu, aliyejifunza Kiingereza kwenye kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, alitueleza vizuri zaidi. "Tanguliza jambo yenye inakushinda. Weka hii neno. Kisha sema yenye utafanya tu." Akatuagiza kila mmoja atunge sentensi yake nyumbani.

Nyumbani nilimkuta nyanya, mama wa baba yangu, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Baba alikuwa amekwenda Lulimba kuchimba dhahabu, kisha mapigano yakafunga barabara. Hatukujua kama yu hai. Kila jioni nyanya alimwekea sahani yake ya bukari, ugali wetu, na samaki, akaifunika. Kwake, chakula cha msafiri hakiliwi na watu wa nyumba. Ukikila, umesema amekufa. Kikilala, asubuhi kinakwenda kwa watoto wa jirani.

Basi watoto wale! Kukipambazuka tu wako mlangoni, nyuso zimeoshwa. "Nyanya, baba hakurudi?" Pole tele midomoni, macho kwenye sahani. Niliwachukia kweli, maana njaa ilikuwa inaniuma mimi pia.

Nikamwambia nyanya lile neno na maelezo ya mwalimu. Akaacha kutwanga. Alilirudia mpaka likamkaa mdomoni, kisha akatunga yake: "Mutoto wangu hajarudi. Nevertheless, umuwekee samaki." Tangu hapo ikawa ndiyo amri ya jioni. Siku nyingine sauti ilimkatika katikati, nami nikammalizia.

Baba alirudi jioni moja ya mvua, kwa miguu, amekonda, dhahabu hana. Nyanya alifunua sahani akamsukumia. "Kula, iko na moto bado." Ndipo akaangua kilio, jamani, mpaka majirani wakakimbilia kwetu wakidhani ni msiba. Watoto wao wakasimama mlangoni wakimtazama baba akilamba vidole. Yule mdogo kabisa naye akaanza kulia, maana alijua asubuhi yake ndiyo ile inaliwa.

Nyanya akafuta machozi kwa kitenge, akanigeukia. "Mutoto wangu amerudi. Nevertheless, weka sahani ingine. Kesho hawa batakuja."

Leo jiko lile halipo, limejengwa duka. Wale watoto wametawanyika, mmoja nasikia anavua huko Ubwari. Nyanya tulimzika zamani, na bado nina hamu naye, hata na kelele zile za alfajiri mlangoni.

Binti yangu alikuwa angali anangoja jibu. Nikamwambia aweke daftari chini, anitafutie sahani moja zaidi, nimwonyeshe.