Kabla Mama Hajameza Vidonge vya Maji

Niliporudi Arusha baada ya miaka mingi ya kazi Ulaya, sikurudi mikono mitupu. Nilirudi na stashahada ya mitambo ya baridi, niliyoisomea jioni baada ya kuosha vyombo mchana kutwa. Nyumba yangu ya Olasiti nimeijenga mwenyewe bila kumwomba mtu hata msumari. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kutishwa na koti jeupe.

Mwaka jana miguu ya mama ilianza kuvimba. Ukibonyeza kidole juu ya kifundo, shimo linabaki. Viatu vya kanisani vikamkataa. Nilipopata habari nilipanda mlimani, nikamtoa kwenye migomba yake na kumleta kwenye kliniki moja mjini, ya kulipia, yenye viti vya ngozi na televisheni kubwa ukutani.

Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia mama kwa adabu, akampima presha, akaitazama miguu, kisha akauliza swali moja tu: ana shida nyingine? Mama akamjibu kama anavyomjibu mchungaji au jirani wa ng'ambo ya mfereji, kwamba hana neno, anamshukuru Mungu. Kwetu Meru mzee aliyelelewa vizuri hammwagii mgeni maumivu yake. Ukimwuliza habari ni njema, hata kama amelala kwenye machela. Daktari yule ni mtoto wa huku huku, analijua hilo kama mimi. Hata hivyo aliandika vidonge vya kutoa maji mwilini, akaita mgonjwa mwingine.

Kwenye dirisha la dawa tulipewa vidonge ndani ya bahasha, kimoja kila asubuhi, basi. Niliomba karatasi inayokaa ndani ya boksi. Binti wa dirishani alinitazama kama nimemwomba funguo za kanisa, lakini akanipa. Nikasoma nikiwa nimesimama pale pale. Kabla ya kutumia, mwambie daktari kama una mzio wa dawa za salfa, kama figo zina matatizo, kama una kisukari au jongo, na dawa nyingine zote unazotumia.

Salfa! Nilipokuwa shule ya msingi mama alimeza vidonge vya salfa vya malaria, midomo ikababuka, ngozi ya mikono ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Shangazi alimlisha uji kwa kijiko. Na hapa hakuna aliyemuuliza.

Nikarudi chumbani kwa daktari bila kupanga foleni. Mama alinifuata akichechemea, akinivuta shati, akinong'ona kwamba namwaibisha mbele za watu. Nilimwambia daktari kwamba ameandika dawa kwa mtu asiyemjua.

"Mzee," akasema, "kwani wewe ni daktari?"

"Mimi ni fundi wa mafriji mwenye stashahada. Na hakuna friji ninayoigusa kabla sijauliza imejazwa gesi gani. Wewe umemuuliza nini mama yangu?"

Daktari alichukua tena kalamu yake. Halafu akamgeukia mama na kumuuliza kama ana mzio wowote. Mama akasema hana neno. Nilitamani kupasua meza.

"Usimuulize hivyo," nikamwambia. "Muulize zile dawa za malaria zilimfanya nini."

Akamuuliza. Mama akanitazama kwa hasira, akafunga vizuri kitenge chake, akaanza. Alieleza yote, midomo, ngozi, uji, hata rangi ya vile vidonge. Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, akaongeza kwamba magoti humsumbua, kwa hiyo kila siku humeza diklofenaki anayonunua duka la dawa karibu na soko. Daktari akaweka kalamu chini.

Alisema si kila aliyedhurika na salfa atadhurika na dawa hii, lakini kwa historia ya namna ile hathubutu kuianza bila kumwuliza mkubwa wake. Alisema pia diklofenaki ya kila siku inaweza yenyewe kuvimbisha miguu na kuumiza figo, tena ikichanganywa na vidonge vya maji ni hatari zaidi. Akamwachisha dawa hiyo. Akaagiza damu ipimwe, figo na chumvi za mwilini. Bahasha ikarudi dirishani.

Yote hayo yalikuwamo kinywani mwa mama tangu tulipoingia. Yalihitaji mtu wa kuuliza tu, na tulikuwa tumelipia kuulizwa.

Nikamrudisha mama kwake kwa gari. Tulipokaribia Usa River alisema nimemfokea mtoto wa watu.

"Nitamfokea tena," nikasema.

"Basi siku ya majibu niache mlangoni," akasema. "Nitaingia peke yangu, nimwambie na habari ya kifua."

Nilikanyaga breki. Habari gani ya kifua?