Maziwa ya Pangoni na Ndama Wasiokua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa mwili hunisisimka, nayo ilikuwa mchana wa jua kali, saa ambayo watu hudhani hakuna cha kutisha. Nakuhadithia kwa sababu ng'ombe wako amezaa juzi, na nasikia umeshaahidi maziwa yote kwa wenye mikahawa. Kaa kwanza. Mikahawa haikimbii.

Niliolewa ningali msichana, nikapelekwa mashambani nyuma ya Takaungu, kwa mavyaa wangu, Bi Mwanakombo. Watumwa walikuwa wameachwa huru karibuni, minazi imekosa wa kuipalilia, na nyumba ile ikawa inaishi kwa maziwa na samli. Mume wangu alikuwa mwema, lakini kila kitu kilikuwa cha mama yake, hadi mkeka niliolalia. Changu kilikuwa kimoja tu: ng'ombe mwenye mimba niliyepewa na baba siku ya harusi. Ndama wake ndiye angekuwa mwanzo wa mali yangu, na kwa mwanamke wa zamani zile hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa, zizini mwa mavyaa mlikuwa na ndama walionitia hofu tangu siku ya kwanza. Walikuwa wameachishwa kunyonya zamani, wanakula majani kutwa, matumbo yamewajaa, na hawakui. Miili ya watoto, nyuso za wazee. Hawakulia, hawakurukaruka. Ukipita wanageuza vichwa wote pamoja na kukutazama, hadi unasahau ulichoendea. Majirani walisimama nje ya ua na kutoa salamu zao kutoka hapo hapo.

Mavyaa alisema ni mzimu. Kando ya mto kulikuwa na pango lake, na desturi ya nyumba ile ilikuwa kupeleka huko dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya ng'ombe aliyezaa, kisha bakuli la maziwa kila asubuhi. Kazi hiyo alipewa mke mgeni, yaani mimi. Naweka bakuli mlangoni mwa pango, nasoma ninachojua kusoma, narudi mbio. Nikienda kesho yake, bakuli ni tupu na limekauka kabisa, utadhani limepanguswa kwa kitambaa. Sikuona unyayo wa paka wala wa ngawa. Nani alikunywa? Sijui, mwanangu, na kwa umri huu sitafuti kujua. Ninachojua ni kwamba kila ndama alipodumaa, mavyaa alizidi kuogopa, akaongeza bakuli jingine, na aliyenyang'anywa ni ndama aliyefuata.

Mchana ule wa jua kali ng'ombe wangu akazaa ndama jike, mwekundu. Kabla hajakauka mwili, mavyaa alishafika na chungu cha kukamia dang'a. Nilitaka kusema, nikajizuia. Siku zile mkaza mwana hakujibizana na mavyaa, si kama ninyi. Aliyesema ni mama yake mavyaa, ajuza asiyeona, ambaye miaka mingi alikuwa kwa mwanawe mwingine mjini na ndiyo kwanza amerudi kwetu.

"Nipelekeni zizini," alisema.

Nilimshika mkono. Wale ndama wakageuza vichwa, na yeye, asiyeona, akasimama ghafla. "Mbona wako kimya hivi?" akaniuliza. Akampapasa mmoja mgongoni na mbavuni, kisha akamtia vidole kinywani.

"Mwanakombo, huyu ni mbuzi?"

"Ni ndama, mama."

"Ameshabadili meno ya utoto. Huyu wakati huu angekuwa na mtoto wake." Akajifuta vidole kwa leso. "Nilipokuwa nyumba hii tulipeleka kiganja cha dang'a, mara moja, na ndama ameshashiba. Hayo mabakuli kayaomba nani?"

Mavyaa akatua chungu chini. "Naogopa, mama. Nikipunguza, hawa wakifa je?"

"Hawa washakufa, wamesahau kuanguka tu. Mwache wa leo anyonye. Hicho kinachodai, kikija, kidai kwangu."

Chungu kikarudi jikoni kitupu. Tangu hapo yule ajuza alikaa mlangoni mwa zizi na tasbihi yake, na makuti yakitikisika, mimi na mavyaa tunashikana mikono bila kujijua. Hakuna kilichokuja. Ndama wangu akanyonya dang'a hadi povu likamjaa mdomoni, akashiba miezi yote ya mwanzo, sisi tukakama kilichobaki. Alipoachishwa, kila jani alilokula lilimwongezea mwili.

Mavyaa alipoona hayo akataka kuwaponya wale wengine. Aliwapa pumba, machicha ya nazi, majani mabichi ya bondeni, hata maziwa. Walikula vyote. Hawakuongezeka hata kidole. Ndama wangu akakua akawa mtamba, akazaa, na wale waliomtangulia kuzaliwa wakasimama wanamtazama akimnyonyesha mwanawe, kimo chao ni kile kile. Mavyaa akajifunika uso kwa leso, akaniambia, "Niliwanyang'anya wakati hawana lugha ya kuniambia." Alikuwa mkali kwangu, lakini siku hiyo nilimwonea huruma hadi nikalia naye.

Basi sikia, mwanangu. Maziwa ya miezi ya mwanzo ndiyo yanayojenga mwili utakaokuja kula majani. Dang'a ni ya ndama tangu siku anayozaliwa, mwache ashibe, wewe ukame masazo, wala usimwachishe kabla hajazoea kula. Ukimpunja sasa, huna utakachomnunulia baadaye kikamrudisha. Na hofu ya kukosa ikikushika, usiilishe kwa kumpokonya aliye mdogo, awe ndama, awe mwana wa mtu. Mola akubariki wewe, kizazi chako na mifugo yako, na akujaalie kila siku uketi kula ukiwa umeshalisha.