Deli la Samaki Katika Darasa la Fizikia

Mwalimu Noela alikuwa na majina sita. Ijumaa saa nane mchana mkuu wa shule angefunga orodha ya wanaotaka fizikia kidato cha tatu; yasipofika kumi na tano, hakuna darasa.

Noela, mzaliwa wa Mlimba, amefundisha fizikia Ifakara miaka tisa. Sababu ya kukimbiwa aliijua. "Madam, kwenye biolojia mbu tunamwona," walimwambia. "Hizo chembe zako nani kaziona?"

Alhamisi alikwenda sokoni kwa Mama Konsolata, muuza samaki, kuazima deli lake la barafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Likirudi linanuka dawa, samaki utauza wewe."

"Basi njoo ulilinde."

Akaja kweli. Ijumaa asubuhi, darasani, Noela alijaza deli barafu kavu, ile ya gesi ya kaboni iliyogandishwa, aliyopewa na rafiki yake Ngusa, fundi wa maabara. Juu yake akaweka bamba jeusi, kisha akafunika kwa chombo cha kioo chenye kitambaa kilicholowa spiriti. Madirisha yalizibwa kwa vitenge, tochi ikawashwa ubavuni. Ukungu ukatanda. Nusu saa, hakuna kitu.

"Madam kapika supu ya mawingu!" alisema mwanafunzi mmoja, Omega, na darasa zima likacheka.

Noela alisoma chupa. Spiriti ya kusafishia vidonda. Karibu theluthi yake maji. Alichukua ile kali kabatini, akaanza upya. Saa saba ikapita.

"Huyo kapita!" Mama Konsolata alipaza sauti.

"Nani, mama?"

"Ninyi mnamtafuta samaki mwenyewe. Kambale akipita kwenye tope humwoni, unaona mstari aliouacha. Pale chini!"

Wakauona: mstari mweupe, mwembamba kama uzi, ukafifia. Mwingine. Wanafunzi watatu wakapiga kelele pamoja.

"Hiyo ni njia ya muoni, chembe ndogo kuliko atomu," Noela alisema. "Imezaliwa juu angani, ikapenya bati letu. Hadi leo hakuna aliyegundua kitu kidogo zaidi kinachoijenga."

"Kwa hiyo ndiyo tofali la mwisho?" aliuliza Omega.

"Labda. Mtafute ninyi."

Saa nane kasorobo orodha ilikuwa na majina ishirini na matatu, la Omega likiwa la saba. Mkuu wa shule alikata moja tu, la mwisho kabisa: Konsolata, muuza samaki.