Kura Kumi na Saba za Mama Mita

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alisoma mita za maji. Alikuwa na begi la turubai, tochi ndogo, brashi ya kusugulia vioo vilivyoshika ukungu, na daftari alilolifunika kwa mfuko wa nailoni mvua ikinyesha. Alipita nyumba kwa nyumba, akiinama na kufunua vifuniko vya chuma, akisoma tarakimu kwa sauti ili mwenye nyumba asikie. Kata nzima ilimwita Mama Mita, na mbwa wa kata nzima walikwishachoka kumbwekea.

Hakuandika tarakimu asiyoiona kwa macho yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na ndiyo iliyomponza. Wasomaji wenzake walikuwa na mtindo wa kukaa kivulini na kukisia. Yeye alikuwa mguu na njia. Mwenye mgahawa mmoja alimwekea bahasha juu ya kifuniko cha mita. Akaisogeza kando kwa brashi, akasoma, akaandika, akaaga. Waliojiunganishia bomba kinyemela aliwaripoti wote, shemeji yake akiwemo, na shemeji huyo hakumsemesha kwa mwaka na nusu.

Kilichomwingiza kwenye siasa ni ukavu wa mabomba. Upande wa chini wa kata ulikaa wiki tisa bila tone la maji, ilhali mita ya eneo la kuoshea magari la diwani ilizunguka kama feni. Aliandika hivyo kwenye ripoti. Meneja wake alimwita, akafunga mlango, akamwambia, "Karatasi hii mimi sijaiona." Mwezi uliofuata akaandika tena. Kisha wakazi wakaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, na mtu mmoja akamtaka asome alichoandika. Akasoma tarakimu moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya kwenye mita, bila kuongeza neno.

Fundi viatu mmoja akasimama. "Gombea udiwani wewe, mama! Tumechoka kuibiwa huku tunatazama."

Watu wakapiga makofi, naye akarudi nyumbani na makofi hayo masikioni.

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu wa maneno ya kuhesabu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sheria inasemaje kwa mtumishi wa idara?"

"Lazima niache kazi kwanza."

"Na ukishindwa, wanakurudisha?"

"Hawanirudishi."

"Basi hiyo ni pata potea."

Mama mkwe, mzazi wa huyo mume, waliyedhani amelala kwenye kochi, akafumbua macho. "Mwache mwanangu agombee. Mimi kiuno kimepinda kwa kubeba ndoo. Wewe hapo unagombea nini?"

Mume akacheka kidogo, akakubali kwa sharti moja tu: akiba ya chuo ya binti yao isiguswe. Wakapeana mkono juu ya meza ya kulia kama watu wanaouziana gari.

Jumatatu aliandika barua. Alirudisha begi, tochi na daftari, akasaini mahali pa kusaini. Aliporudi mtaani mikono mitupu, alijikuta akiinamisha kichwa kila alipopita kifuniko cha chuma.

Katibu wa tawi la chama alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Alimtajia bei ya fomu, ambayo ilikuwa mishahara miwili ya msoma mita.

"Na hiyo ni ya mlangoni tu, mama," alisema. "Anayemchagua mgombea ni mkutano wa wajumbe tisini na wanne. Wajumbe hawaji kwa miguu. Hawakai na njaa. Na simu zao hazipigi bila vocha."

"Hiyo si rushwa?"

"Rushwa ni ile inayokamatwa. Hii tunaiita uwezeshaji."

Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kama mtu anayemweleza mgeni dirisha la kulipia liko wapi. Mama Mita alilipa fomu, akaomba orodha ya wajumbe, akaanza kuwatembelea mmoja mmoja. Kazi hiyo aliiweza. Kuingia nyua za watu ndiko kulikokuwa kumemlisha miaka yote. Kwa siku ishirini na sita alifika kwa wote tisini na wanne. Wengi walimpokea vizuri na kumsifu. Mjumbe mmoja, mama muuza mitumba, alimweleza ukweli huku akikunja masuruali.

"Wewe mdogo wangu tunakujua, huna doa. Lakini mimi nina wajukuu watatu humu ndani. Mwenzako alipita juzi, akaacha kitu kidogo hapo mezani. Wewe umeacha nini?"

"Nimeacha kazi."

Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa suruali aliyokuwa akiikunja. Alimpa kiti na glasi ya maji. Zaidi ya hapo hakumwahidi chochote.

Wiki ya nne kiinua mgongo chake kikaisha. Kilikuwa kimeliwa na fomu, mabango mia mbili, spika ya kukodi, na matumizi ya nyumba isiyokuwa tena na mshahara wa pili. Hapo ndipo mkandarasi wa kuzoa taka alipomwita ofisini kwake, chumba chenye kiyoyozi na zulia lililozamisha viatu. Akamwagizia juisi.

"Napenda watu waadilifu, mama," alisema. "Wajumbe niachie mimi. Usafiri, chakula, kila kitu. Sikuombi usaini popote. Ukiingia kwenye baraza, wakati wa zabuni, unikumbuke."

Mama Mita alikunywa juisi. Baadaye alimwambia mumewe wazi kwamba kwa muda wa kumaliza ile juisi alikuwa amekwishakubali moyoni, na hata alikuwa amepanga jinsi ya kumtetea mkandarasi huyo barazani bila kuona haya. Kilichomshtua ni wepesi wenyewe. Aliweka glasi chini.

"Magari yako hayajapita kwetu tangu mwezi juzi," alisema. "Nikukumbuke vipi tena?"

Mkandarasi alicheka, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote.

Siku tano baadaye mkaguzi wa kata alifika kwenye karakana ya mumewe, akasema friji zilizopangwa nje zinaziba njia, akafunga mlango kwa kufuli ya serikali. Friji zilikuwa zimepangwa pale kwa miaka kumi na moja. Mume alizihamishia sebuleni, na mama mkwe akawa anapita upandeupande kati yake kwenda msalani. Wakati huo huo maneno yakasambaa kwamba Mama Mita alifukuzwa kazi kwa wizi, na kwamba mwanamke anayeingia nyua za watu mchana kutwa hajulikani anafuata nini. Binti yao akapiga simu kutoka chuoni.

"Mama, wanasema ulifukuzwa."

"Niliacha mwenyewe."

"Najua. Nilitaka kukusikia wewe ukisema, nipate kuwajibu."

Zilipobaki siku nne, mumewe alitoa kitabu cha benki, akakiweka mbele yake. Kilikuwa cha akiba ya chuo.

"Chukua," alisema. "Tumeshafika mbali."

Alikitazama kitabu, akamtazama na mumewe, aliyekuwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Akakirudisha kabatini. "Tulipeana mkono," alisema, na hawakulizungumza tena.

Mkutano wa uchaguzi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Kila mgombea alipewa dakika tatu. Yeye alitumia mbili. Diwani alipata kura sitini na moja, Mama Mita kumi na saba, na mgombea wa tatu, mfanyabiashara wa mbao, kumi na sita. Walipotoka, wajumbe walimwendea mmoja mmoja kumnong'oneza: "Mimi yangu nilikupa wewe." Mumewe alikuwa akihesabu kimyakimya. Kufikia Jumapili walioapa hivyo walikuwa arobaini na watatu. Alipomwambia, mkewe hakucheka. Alicheka Alhamisi, akiwa peke yake anaosha vyombo, akacheka mpaka ikabidi akae kwenye kigoda.

Karakana ilifunguliwa baada ya faini. Kazi ya mita alikuwa amepewa kijana mwingine. Meneja alisimama kumpa mkono, akamwambia nafasi imejaa. Alikaa miezi mitano bila kazi, na katika miezi hiyo ile akiba ambayo siasa haikuigusa ililiwa na unga, kodi ya nyumba na dawa za mama mkwe. Binti alisimamisha masomo mwaka mzima, akauza vocha kwenye kibanda, kisha akarudi chuoni akamaliza. Hakumlaumu mama yake. Ila alisomea uhasibu, na alisema wazi kwamba yeye na siasa ni mbalimbali.

Mama Mita hatimaye alipata kazi ya kutunza stoo ya shule kwa nusu ya mshahara wake wa zamani. Mwaka wa pili maji yalianza kufika upande wa chini, siku tatu kwa wiki. Diwani alikata utepe kwenye bomba jipya na kupigwa picha. Ripoti za mita hazikutajwa na mtu yeyote. Mama Mita alisimama kwenye foleni na ndoo zake mbili, na zamu yake ilipofika akakinga maji.

Uchaguzi mwingine ulipokaribia, katibu wa tawi alikuja nyumbani, shati limenyooshwa vilevile. Alikaribishwa chai.

"Watu wanakuulizia, mama," alisema. "Wanasema ungefaa."

"Fomu sasa hivi ni kiasi gani?"

Akamtajia. Ilikuwa imepanda karibu mara mbili. Mama Mita alitikisa kichwa taratibu, bila hasira, akamwongezea sukari. Walizungumza habari za magoti na hali ya hewa. Katibu alipomaliza kikombe, Mama Mita alimsindikiza hadi barabarani, akarudi ndani kubadilisha nguo. Alikuwa na mzigo wa madaftari wa kupokea stoo saa nane.